Stesheni ikijengwa upya huku treni zinapita: kinachobana ni jukwaa au njia?

Mwana wa Iyunga (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Tangu mkataba wa kuifufua TAZARA, reli yetu ya kwenda Zambia, usainiwe Septemba 2025 (dola bilioni 1.4, kampuni ya CCECC ya China, miaka 30), huku Mbeya kila kijiwe kimepata mhandisi wake. Hapa Iyunga mabishano ni mawili. Kundi la kwanza linataka stesheni yetu iongezewe majukwaa. Kundi la pili linasema ifungwe yote, ijengwe fasta, treni zisubiri huko huko zilipo. Nimeuleta mjadala huku kwa sababu naona makundi yote mawili yanakodolea macho pasipo na tatizo.

Wengi tunapima ukubwa wa stesheni kwa majukwaa: mwenye sita kamzidi mwenye manne. Lakini jukwaa ni mahali pa treni kusimama, basi. Kinachoamua treni ngapi zinapita kwa saa ni vitu viwili. Cha kwanza ni muda ambao kila treni inalishikilia jukwaa. Cha pili ni shingo ya stesheni, yaani pale kwenye msitu wa pointi (reli zinazosogezwa ili treni ibadili njia), ambapo njia chache za kutoka nje zinagawanyika kuingia majukwaani.

Tupige hesabu nyepesi. Treni inayopita inasimama dakika 3, abiria washuke na wengine wapande. Weka dakika 2 nyingine mpaka behewa la mwisho litoke na njia iandaliwe kwa inayofuata. Jumla dakika 5, kwa hiyo jukwaa moja linapokea treni 12 kwa saa kwenye karatasi. Sasa chukua stesheni ambayo ni mwisho wa reli. Treni inaingia, dereva anahamia upande wa pili, wasafishaji wanapita, breki zinapimwa, ndipo inarudi ilikotoka. Ukiwapa dakika 20, jukwaa hilo linapata treni 3 kwa saa. Na kila moja imepita shingoni mara mbili, kuingia na kutoka, ikizuia wenzake mara zote mbili.

King's Cross ya London walifanya jambo ambalo kijiweni kwetu lingeleta ngumi. Walipojenga upya shingo yake mwaka 2020 na 2021 waliondoa jukwaa moja zima, la namba 10. Papo hapo wakaongeza njia za kuingilia kutoka 4 hadi 6, kwa kufungua tena handaki lililokuwa halitumiki tangu 1977. Jukwaa limepungua, uwezo umeongezeka. Wakati wa kazi nzito, Machi hadi Juni 2021, karibu nusu ya stesheni ilifungwa, nusu ya pili ikaendelea na ratiba iliyopunguzwa.

Hoja yangu ndiyo hiyo: stesheni ikijengwa upya, usiulize majukwaa mangapi yamebaki. Uliza shingo imebaki na njia ngapi, na treni zitapishana wapi. Karibuni, na wajuzi wa reli msipite kimya.

Kiazi Mviringo

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Ila mkuu, King's Cross na Iyunga wapi na wapi? Wale wana treni kila dakika chache. Sisi kwa miaka mingi treni ya abiria ya kwenda Zambia ilikuwa mara mbili kwa wiki, Mukuba na Kilimanjaro. Shingo gani itabanwa na treni mbili kwa wiki?

Ndondo wa Mwanjelwa

😂😂 Kiazi umemaliza uzi mapema. Mods fungeni.

Dada wa Tukuyu

Msifunge kwanza. Niko London miaka mingi, napanda treni upande wa kusini mashariki, na London Bridge ilijengwa upya mbele ya macho yangu, kuanzia 2013 hadi 2018. Mleta mada yuko sahihi, ila mambo ya kule yana utamu zaidi ya alivyoeleza.

London Bridge ya zamani ilikuwa na majukwaa 15: sita ya treni zinazopita na tisa ya treni zinazoishia pale. Wakaigeuza, sasa ni tisa ya kupita na sita ya kuishia. Idadi ni ile ile 15! Kwa mtu wa nje ni kama hakuna kilichofanyika. Ila kwa ile hesabu ya dakika 5 na dakika 20, mnaona walichovuna.

Kazi yenyewe sasa. Hawakuifunga stesheni yote kwa muda mrefu. Walianza upande wa kusini, kwenye majukwaa ya kuishia, wakayabomoa machache machache, wakijenga mapya na kusogea kuelekea kaskazini. Lakini walipofika kwenye majukwaa ya kupita, nafasi ikaisha. Ndipo wakaamua jambo gumu: treni zinazoendelea hadi stesheni ya Charing Cross zipite bila kusimama, kuanzia Januari 2015 hadi Agosti 2016. Hizo ziliporudi kusimama, ikawa zamu ya treni za kwenda stesheni ya Cannon Street kupita bila kusimama, mpaka Januari 2018. Zile za Thameslink, zinazokatiza jiji kutoka kaskazini hadi kusini, zilihamishiwa njia nyingine miaka yote mitatu.

Picha niliyo nayo kichwani ni hii: treni imepunguza mwendo, watu wameshika vyuma juu, nje dirishani jukwaa jipya lina zege bichi lililofunikwa plastiki, mafundi wa nguo za chungwa wanapisha, na sisi tunateleza tu kupita. Njia ipo, jukwaa halipo. Kumbe treni ikipita bila kusimama inatumia njia kwa muda mfupi sana, na ndiyo maana waliweza kuendelea kupitisha treni nyingi katikati ya ujenzi. Walitoa kafara kusimama ili wasipoteze kupita.

Na wala si kwamba mambo yalinyooka. Januari na Machi 2015 ilikuwa vurugu mpaka magazetini, watu wakaruka vizuizi vya tiketi jioni moja kwa msongamano. Majukwaa ya kuishia yalikuwa yamepunguzwa, lakini ratiba ilikuwa imebana bila hata upenyo, treni moja ikichelewa zote zinaanguka. Mwaka huo huo msimamizi wa reli wa Uingereza aliipiga Network Rail, yaani wenye njia za reli kule, faini ya pauni milioni 2 kwa utendaji mbovu, na upangaji wa ratiba ya London Bridge ulitajwa.

Mwana wa Iyunga

Dada, hilo la "kutoa kafara kusimama" ndilo nililokuwa nalitafuta maneno. Asante.

Masta Mstaafu

Wanangu, nimewasoma. Mimi nimekula chumvi ya reli, nimekaa kwenye chumba cha stesheni masta huku huku nyanda za juu. Nimjibu Kiazi kwanza, maana swali lake ni zuri kuliko anavyodhani.

TAZARA ni njia moja. Kutoka Dar mpaka New Kapiri Mposhi kilomita 1,860, treni ya kwenda na ya kurudi zinatumia reli ile ile. Zinapishana stesheni, kwenye njia ya pembeni. Kwa hiyo kwetu sisi stesheni si mahali pa abiria kwanza. Ni mahali pa kupishana. Chimala au Igurusi unaweza usione abiria hata mmoja, lakini ukiifunga njia yake ya pembeni umeumiza Dar na Kapiri kwa pamoja.

Tuchukue stesheni tatu za mfano, A, B na C, kila moja kilomita 15 kutoka kwa mwenzake. Treni ya mizigo inapanda kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. A hadi B ni dakika 30. Ikifika B, ndipo ya kutoka B kwenda A inaruhusiwa. Jozi moja, kwenda na kurudi, dakika 60. Ongeza dakika 10 za kupeana ruhusa, kuweka pointi na kuhakikisha treni imeingia nzima, mkia haujabaki nje. Dakika 70. Siku ina dakika 1,440. Unapata jozi 20.

Sasa mkandarasi kaja, anabadilisha mataruma na kokoto pale B, kaifunga njia ya kupishania. A hadi C sasa ni kilomita 30, dakika 60. Jozi moja inakula 130. Kwa siku jozi 11.

Halafu mkandarasi anasema, jamani siwezi kung'oa reli huku treni inakuja, nipeni saa 6 kila siku njia iwe yangu. Zimebaki saa 18, dakika 1,080. Jozi 8.

Kutoka 20 hadi 8, na hakuna jukwaa hata moja lililoguswa. Na msidhani ni hapo A na C tu. Sehemu inayokula muda mrefu kuliko zote ndiyo inayoitawala reli nzima. Hata kama kwingine kote pamepigwa msasa, treni zitapita kwa idadi ambayo hiyo sehemu inaruhusu.

Kiazi Mviringo

Shikamoo mzee. Nimeelewa hesabu. Bado nabisha kidogo: hata hizo 8, je, zinajaa? Reli ilijengwa kwa lengo la tani milioni 2 kwa mwaka na haijawahi kufika hapo. Yaani nafasi ipo tele. Wafunge wanavyotaka.

Masta Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nafasi ipo, ukigawanya kwa mwaka. Treni haziji kwa mgawanyo wa mwaka. Meli ikishusha Dar, mzigo unatoka kwa mkupuo. Mpakani Tunduma na Nakonde nyaraka zikikaa, treni zinakusanyika upande mmoja, zikiachiliwa zinakuja zikifuatana. Hapo ndipo stesheni masta anajua kama ana njia za pembeni au hana. Kwenye njia moja, treni ya kwenda ikichelewa inamchelewesha wa kurudi ambaye hana kosa lolote, naye anamchelewesha mwingine aliye mbele yake. Unahitaji nafasi inayoonekana kama imekaa bure ili kumeza hayo.

Na kuna jambo jingine. Mwekezaji hajaja kuibeba mizigo ile ile. Amekuja kwa ajili ya shaba. Atataka treni ziongezeke wakati kazi bado inaendelea.

Mwana wa Iyunga

Hapo mzee umefunga goli. Uchache wa treni leo ni sababu ya kufanya kazi leo, hilo nakubaliana na Kiazi. Ila usifunge "wanavyotaka".

Wale wanaosema mbona SGR, reli mpya ya kisasa, ilijengwa bila kelele: SGR ilipata tuta lake jipya, reli ya zamani ya upana wa mita moja ikaendelea pembeni kwa sehemu kubwa. TAZARA inatengenezwa juu ya tuta lile lile linalotumika. Ni kama hii barabara yetu ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, tofauti ni kwamba lori unaweza kulipatia daivasheni ya vumbi pembeni likalalamika na kupita. Treni huwezi kuiambia izunguke kwa akina Mwanjelwa.

Ndondo wa Mwanjelwa

Tusitajane jamani, vumbi tunalo la kutosha.

Fundi Signali

Nimechelewa kuuona uzi. Naomba niongeze upande ambao watu hawauoni, wa waya.

Stesheni ikijengwa huku inafanya kazi, njia zinahamishwa kila baada ya muda. Leo pointi hii inafanya kazi, kesho imefungwa kwa komeo, wiki ijayo imerudi na mwelekeo mpya. Kila hatua ina mfumo wake wa muda wa ishara. Hatari iko hapo kwenye "wa muda".

Waterloo, London, Agosti 2017. Walifunga majukwaa ya upande mmoja kwa wiki tatu hivi ili kuyarefusha ya 1 hadi 4 yapokee treni za mabehewa 10. Kufidia, wakafungua majukwaa ya zamani ya Eurostar, treni za kwenda Ulaya bara, ambayo mengi yalikuwa yamelala tangu Eurostar ihamie stesheni ya St Pancras Novemba 2007. Mpango mzuri sana, ndiyo hasa ufundi wa kazi hii: tafuta kwanza nafasi ya kuhamia, ndipo ubomoe.

Ila tarehe 15 mwezi huo treni ya abiria ikitoka jukwaa la 11 ilikuta pointi haijakaa sawa, ikapelekwa pembeni na kugonga mabehewa ya kazi yaliyokuwa yamesimama kama ukuta wa kuwakinga mafundi. Kwa bahati ilikuwa mwendo mdogo, hakuna aliyeumia vibaya. Uchunguzi ulikuta kwamba wakati wa majaribio ya mfumo kuliwekwa waya wa muda usiokuwa kwenye michoro, nao ukaufanya mfumo uamini pointi iko mahali pake. Dereva kaona ishara ya kuruhusu, kaondoka.

Angalieni hapo hapo faida ya yale mabehewa ya kazi. Yaliwekwa kwa makusudi, treni ikikosea njia iyagonge yenyewe kabla ya kuwafikia watu wenye majembe.

Kwa hiyo mkisikia wakati wa ujenzi treni zinapunguzwa kuliko hesabu ya njia zilizobaki, msidhani ni uvivu. Sehemu ya hiyo nafasi imenunua usalama: mwendo wa chini kupita eneo la kazi, njia ya jirani kuachwa tupu, muda wa kupima pointi kabla ya kuikabidhi.

Binti wa Chimala

Nawafuatilia kimya kimya. Mimi si mtu wa reli, nauza mchele. Naomba mnijibu kwa lugha ya kawaida: kama wangewauliza nyie, hapa Mbeya stesheni wangefanya nini ili mzigo usikwame?

Mwana wa Iyunga

Dada, maoni yangu, na mzee anirekebishe.

Majukwaa yaachwe mwisho. Abiria wa siku chache kwa wiki unaweza kuwashusha hata kwenye jukwaa fupi, nusu ya treni kwanza, halafu isogee. Mbeya inatakiwa ilinde njia za yadi, yaani zile za kuweka na kushushia mabehewa. Hapa pana mizigo ya Malawi inayohamishwa kutoka behewa kwenda kwenye malori ya kushuka Kasumulu. Behewa likiwa linashushwa, linakaa kwenye njia. Ukifunga njia mbili za yadi kwa pamoja, treni ya shaba kutoka Tunduma itaikuta njia ya kupishana imejaa mabehewa ya mbolea, na itasubiri Mbalizi huko nje.

Pili, waongeze kabla ya kupunguza. London Bridge kabla hawajagusa majukwaa walishajenga daraja jipya juu ya soko la Borough, mwaka 2010 na 2011, ili kupata njia mbili za ziada. Bermondsey wakajenga njia ya chini kwa chini ili treni za pande mbili zisikatane. Kazi zote hizo ziko nje ya stesheni, ndizo zilizoikomboa stesheni.

Kwetu hiyo maana yake ni kurefusha njia za kupishana za stesheni mbili jirani na Mbeya kabla ya kuanza kuchimba Mbeya yenyewe. Treni ndefu isiyotosha kwenye njia ya pembeni haiwezi kupishana na mtu hapo, hata njia iwe nzima.

Masta Mstaafu

Sina la kukurekebisha kwenye yadi. Hiyo ya kurefusha njia za pembeni ndiyo ningeiweka ya kwanza kabisa, kabla ya rangi na vioo vya jengo. Ongeza tu kwamba zirefushwe upande wenye tambarare. Treni nzito ya mizigo usiisimamishe kwenye mpando halafu utegemee iondoke. Uyole reli inafika kilele chake, kama mita 1,789 juu ya usawa wa bahari. Ukimsimamisha mtu akiwa anaupanda mlima ule na mvua inanyesha, magurudumu yanazungukia hapo hapo, mtamwaga mchanga mpaka uishe.

Dada wa Tukuyu

Na abiria je, mzee? Kule wakifunga njia wanaleta mabasi.

Masta Mstaafu

Kutoka Makambako mpaka Mbeya hilo linawezekana kabisa. Reli na barabara kuu vinakwenda karibu pamoja, Igawa, Chimala, Igurusi. Funga njia, leta mabasi, abiria atalalamika kidogo atafika.

Kazi ipo Mlimba hadi Makambako. Huko ndiko kwenye mahandaki mengi na madaraja marefu, reli inaupanda ukingo kutoka bonde la Kilombero. Handaki halina njia ya pembeni. Na yule mama wa kijijini kule treni ndiyo usafiri wake, barabara ya Mlimba kuja Njombe kupitia Madeke wakati wa masika si ya kuitegemea. Ukifunga pale saa 6 kila siku, hakuna basi la kumfuata.

Kiazi Mviringo

Kwa hiyo waanze wapi? Maana mimi mpaka hapa nimeshahama kundi.

Masta Mstaafu

Waanze na njia za kupishana za Makambako na Mlimba, pande zote mbili za mlima, ziwe ndefu na pointi mpya. Hapo treni zinaweza kukusanyika upande mmoja, zikapandishwa tatu au nne zikifuatana, kisha mlima ukaachwa kwa mafundi, jioni zikateremshwa za upande wa pili. Siku za treni ya abiria mafundi wanapisha. Kazi ya mahandaki ifanywe kiangazi, Juni mpaka Oktoba, kabla maji hayajaanza kushuka kwenye makingo. Mbeya ije baadaye, yadi njia moja moja, jengo la abiria mwisho.

Binti wa Chimala

Ndaga fijo mzee wangu. Sasa wakija kwenye mkutano wa kata najua cha kuwauliza: njia ngapi za yadi mtazifunga kwa wakati mmoja, na za jirani mmesharefusha?

Ndondo wa Mwanjelwa

Uliza na la tatu dada: kokoto zitashushwa kwa treni au kwa malori yanayopita hapa kwetu. Maana treni ya kokoto nayo inataka njia ya kulala.

Fundi Signali

Ndondo leo umeongea la maana. Treni ya kokoto inakula njia ya yadi usiku kucha, na kwenye hesabu za watu wengi huwa haimo. Iongezeni kwenye ile jozi 8 ya mzee mtaona inabaki ngapi.